Kitambaa cha Pembe Tatu

Kabla ya mwaka 1877, mtu aliyevunjika mguu katika machimbo ya makaa ya mawe au kando ya reli za Uingereza alikuwa katika hatari ya misiba miwili: wa kwanza ule mguu, na wa pili wenzake, ambao kwa huruma tupu walimnyanyua mzimamzima na kumpakia garini, hata ncha ya mfupa ikatoboa ngozi, na jeraha lililokuwa likitibika likageuka sababu ya mauti.

Mwaka huo jumuiya ya St John ikaasisi chama cha kuwasomesha raia huduma ya kwanza; na mwaka uliofuata tabibu wa jeshi, Peter Shepherd, akishirikiana na ofisa mwenzake Francis Duncan, akafungua darasa huko Woolwich, mtaa wa London wenye karakana za silaha, na ilimu ya wabeba machela wa jeshi ikawa ya kila aitakaye. Baadhi ya madaktari walinung'unika, wakihofia kuzuka kwa matabibu wa uongo, wala hofu hiyo haikukosa msingi. Lakini mwanafunzi hakufundishwa kuponya. Alifundishwa kuzuia damu, kuutia mguu gango pale pale ulipovunjikia, kisha kumngoja daktari, na naona mpaka huo ndio uliokuwa hekima ya somo zima.

Chombo cha mwanafunzi huyo kilikuwa kitambaa cha mraba kilichokatwa pembe kwa pembe: kikikunjuliwa hufunika kichwa au huuning'iniza mkono shingoni, na kikikunjwa huwa mkanda wa kufungia gango. Fundo nalo lilikuwa na adabu yake, kwani lilitakiwa lilale bapa lisimwumize majeruhi, lisilegee njiani, na lifunguke upesi daktari afikapo. Friedrich von Esmarch, mpasuaji mashuhuri wa Kiel, alikuwa amekwisha kukipiga chapa kitambaa hicho picha za watu waliofungwa namna mbalimbali, hata aliyesahau somo akawa nalo mkononi. Baada ya kuyaona madarasa ya London, alifungua ya kwake mwaka 1882.

Shepherd hakuyadiriki hayo. Alipelekwa katika vita ambavyo Wazulu hawakuvitafuta, akauawa Isandlwana tarehe 22 Januari 1879. Kijitabu cha huduma ya kwanza alichokiacha kiliendelea kusomeshwa, na mwaka 1887 wanafunzi wa madarasa ya St John wakaundiwa kikosi cha kujitolea, kilichohudumu bila ujira katika umati wa Jubilei ya Malkia Victoria.