Sheli ya kompyuta: Jinsi ya kuleta mpya bila kuvunja ya zamani

Mtaani ukisikia "sheli" unawaza kituo cha mafuta. Kwenye kompyuta, sheli ni programu inayopokea amri unazoandika, inazipeleka kwenye mfumo endeshi, kisha inakuletea majibu.

Mwenye simu anamjua ndugu yake wa karibu. Ukipiga *150*00# kufungua M-Pesa, unachagua namba, unaandika kiasi, mfumo unajibu. Menyu hiyo si sheli kamili, lakini mtindo ni uleule: amri fupi, jibu fupi.

Tatizo linaanzia wapi?

Sheli ina wateja wawili. Wa kwanza ni mtu anayeandika amri kwa mkono. Wa pili ni skripti, yaani faili lenye amri zilizopangwa zinazojiendesha zenyewe, mfano kutunza nakala za mafaili kila usiku.

Mtu akikuta mabadiliko atauliza. Skripti haiulizi. Inakwama, au mbaya zaidi, inafanya kitu tofauti na ulichokusudia.

Ubuntu, 2006

Toleo la Ubuntu 6.10 lilibadilisha sheli inayojibu kwa jina la /bin/sh, kutoka Bash kwenda Dash, ambayo ni nyepesi na ina kasi zaidi. Skripti nyingi zilikuwa zinaita /bin/sh huku ndani zikitumia mambo ya Bash pekee. Zikagoma. Bash yenyewe haikuondolewa, hivyo tiba ikawa kuandika Bash waziwazi kwenye mstari wa kwanza wa skripti, au kurekebisha amri zenyewe.

Apple, 2019

Bash ya kwenye Mac ilikuwa imebaki toleo 3.2, la zamani sana. Kwenye macOS Catalina, Apple ikaweka Zsh kwa akaunti mpya. Waliokuwa na akaunti za zamani waliendelea na Bash, wakawa wanaona ujumbe wa kuwashauri wahame. Bash haikufutwa.

Windows

PowerShell ilitoka 2006, lakini Command Prompt ya zamani bado ipo kwenye Windows hadi leo.

Tanzania nako

Novemba 2024, Tigo iligeuka Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Jina na rangi vikabadilika, ila *150*01# ikabaki palepale.

Chukulia mkulima wa korosho wa Lupaso, wilayani Masasi, mwenye kitochi. App haiingii kwenye simu yake, na hatua za kutuma hela amezishika kichwani. Namba ikizimwa ghafla, hela yake ipo ila hana pa kuipatia. Na mpangilio wa menyu ukigeuzwa bila taarifa, aliyezoea kubonyeza bila kusoma anaweza kujikuta kwenye huduma asiyoitaka. Hapo anakuwa kama skripti: anafuata hatua za jana kwenye mfumo wa leo.

Kanuni nne za kubadili salama

1. Weka mpya pembeni ya zamani, usianze kwa kufuta.
2. Anwani ya zamani iendelee kuitika, na itoe majibu yaleyale.
3. Anza na watumiaji wapya. Wa zamani wape taarifa na muda.
4. Jaribu skripti zote kwanza. Zima ya zamani pale tu ambapo hakuna anayeitegemea.

Ijue sheli yako

Kama una Mac au Linux, fungua Terminal, andika echo $SHELL kisha bonyeza Enter. Utaona sheli iliyowekwa kwenye akaunti yako. Na kama una skripti zako, angalia mstari wa kwanza wa kila moja. Iliyoandikwa #!/bin/sh lakini inatumia mambo ya Bash, irekebishe sasa, kabla mfumo haujabadilishwa.