Kilango cha Kamera na Usomaji wa Picha za Kale: Mfano wa Goma na Virunga

Katika picha nyingi za kale zilizopigwa katika nchi za Maziwa Makuu, watu wamesimama kama waliochongwa kwa mti: mikono imebana ubavuni, midomo imefumbwa, macho yamekazwa. Wapo watazamaji walioona humo woga, wengine utii, wengine tabia ya asili ya watu wa mahali hapo. Lakini picha za familia zilizopigwa Brussels katika miaka hiyo hiyo zina ugumu uleule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugumu huo haikutoka katika nyoyo za waliopigwa picha, bali katika kifaa kidogo kinachoruhusu mwanga kupita kwenye lenzi kwa muda uliopimwa. Kifaa hicho kitaitwa hapa kilango. Anayetaka kuisoma historia ya picha za Goma hana budi kujua kilango kinavyofanya kazi, kinavyoharibika na kinavyotengenezwa.

Daguerre alipotangaza uvumbuzi wake mwaka 1839, kilango hakikuhitajika. Bamba lilitaka mwanga wa dakika kadhaa. Mpiga picha aliondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu, akakirudisha. Mambo yalianza kubadilika baada ya Richard Leach Maddox kueleza, mwaka 1871, namna ya kutengeneza bamba kavu la jelatini. Mabamba hayo yalipoboreshwa, sehemu ndogo ya sekunde ilitosha penye jua kali, na hakuna mkono wa binadamu uwezao kufungua na kufunga kwa kasi hiyo. Ndipo vilango vya mtambo vilipoenea. Kampuni ya Thornton-Pickard ya Altrincham, Uingereza, iliuza kilango cha pazia la kitambaa lililovutwa kwa kamani. Mwaka 1912 Friedrich Deckel wa Munich alitoa Compur, ambayo vibapa vyake vyembamba hufunguka kutoka katikati na kujifunga, vikitawaliwa na magurudumu ya meno kama ya saa.

Vifaa vya namna hiyo vilifika Virunga mapema. Adolf Friedrich wa Mecklenburg alipita huko na msafara wake mwaka 1907 na 1908, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1909 kina picha nyingi za volkeno na za watu. Mwaka 1921 Carl Akeley alipiga sinema ya sokwe wa milimani kwa kamera aliyoivumbua mwenyewe. Kilango chake kilizunguka ndani ya mwili wa kamera na kilikuwa na uwazi mkubwa kuliko kawaida, kwa kuwa ndani ya msitu mwanga ni haba. Akeley alifariki mwaka 1926 kwenye miteremko ya Mikeno, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Hifadhi ya Virunga.

Hata hivyo, mtambo uliobuniwa Ulaya ulipata mazingira mengine huku. Goma imejengwa juu ya makoro, yaani mawe ya lava, na kreta ya Nyiragongo iko umbali usiofika kilomita 20. Vumbi la mawe hayo ni chembe ngumu zenye ncha, nao unyevu wa Ziwa Kivu huharakisha kutu. Mafuta ya kilango yakishakauka na kuchanganyika na vumbi hilo, magurudumu yanayotawala kasi ndogo ndiyo hukwama kwanza. Kasi ya 1/100 yaweza kuendelea kusikika kuwa nzima, ilhali alama ya sekunde 1 hufungua na kubaki wazi. Kilango cha namna hiyo hakijafa: kwenye alama ya kufungua na kufunga kwa amri, mkono wa mpiga picha huwa ndio saa, kama ilivyokuwa mwaka 1839.

Kazi ya kukitengeneza inafanana na ya fundi saa. Kwanza lenzi za mbele na nyuma huondolewa, ili zisiguswe na benzini. Kifuniko hufunguliwa, na kila sehemu huchorwa mahali pake kabla ya kutolewa. Magurudumu huoshwa kwa benzini safi mara kadhaa, kisha huachwa yakauke kabisa. Tone dogo la mafuta ya saa huwekwa kwenye ekseli tu. Vibapa havipakwi mafuta kamwe, kwani huganda na kung'ang'aniana. Kamani iliyochoka haikunjwi kwa nguvu ili ipate ukali, maana ikivunjika ni vigumu kupata nyingine.

Jambo linalosahauliwa ni upimaji, na hapa ndipo mwanahistoria anapohusika. Njia ya zamani yahitaji santuri tu. Alama nyeupe hubandikwa ukingoni mwa santuri inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kisha hupigwa picha. Kwa mwendo huo alama hupita nyuzi 200 kwa sekunde. Kwa hiyo kasi ya 1/10 huacha mkwaruzo wa nyuzi 20. Ukionekana wa nyuzi 40, kilango kimetumia 1/5, na bamba limepata mwanga maradufu.

Fundi huona hapo kosa la kusahihisha. Mwanahistoria huona ushahidi. Kilango kikishaoshwa hakiwezi tena kusema kilivyokuwa kikienda. Kwa hiyo yafaa kipimwe na matokeo yaandikwe, pamoja na namba yake, kabla bisibisi haijakigusa. Ni kweli kwamba mafuta huendelea kukauka baada ya kamera kuachwa, hivyo kipimo cha leo hakitoshi peke yake. Hapana budi kilinganishwe na mabamba yenyewe: mtoto asiye na uso kwa sababu aligeuka, majani ya mgomba yaliyofifia, maji ya ziwa yaliyolainika kama maziwa. Mahali ambapo ushahidi huu wote unakubaliana, neno "woga" lafaa kufutwa katika maelezo ya picha.

Kwa upande wa lugha, Kiswahili husema kupiga picha, kana kwamba ni tendo la mara moja. Lakini aliyekaa mbele ya kilango cha polepole alishiriki kazi hiyo kwa kutulia. Aidha, istilahi za ufundi huu bado hazijakusanywa vya kutosha. Hilo si gumu kwa mji ambao neno lake mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotuama mabondeni na kuua, limeingia katika maandishi ya wataalamu wa volkeno duniani.

Haja ya kazi hii ni kubwa. Mnamo Julai 1994, wakimbizi zaidi ya 800,000 kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa siku chache, wapiga picha wa magazeti ya ng'ambo waliufanya mji huu ujulikane ulimwenguni kwa vilango vya kasi, katika picha za kipindupindu na vifo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza katikati ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Picha zilizokuwa katika nyumba hizo zilikwenda nazo. Zilizosalia, ambamo wakazi walikaa wenyewe mbele ya kamera wakiwa wamevaa nguo walizozichagua, ni chache. Kamera ya kale inapopatikana, basi, isisafishwe kwa pupa wala kuuzwa kama pambo. Ipimwe, iandikwe, iwekwe pamoja na mabamba yake, kisha itengenezwe.