Watoto wa Rousseau na Yatima Émile

Paul Johnson, katika kitabu chake Intellectuals cha mwaka 1988, anadai kwamba wanafikra wanaojitwika kazi ya kuwaelekeza wanadamu sharti wakaguliwe kwanza nyumbani kwao. Anamtanguliza Jean-Jacques Rousseau. Kwa maelezo ya Rousseau mwenyewe, yeye na Thérèse Levasseur walizaa watoto watano, na wote wakapelekwa katika hospitali ya watoto waliotelekezwa jijini Paris, ambako wengi wa waliopokelewa walikufa wangali wachanga. Mwaka 1762 baba huyohuyo alichapisha Émile, kitabu cha malezi.

Wapinzani wa Johnson hujibu kwamba hoja hupimwa kwa hoja. Hapo wana haki: kama kumviringisha mtoto mchanga nguo za kubana kunamdhuru, kunamdhuru hata akisema hivyo mwuaji. Lakini wanakosea wanapoyachukulia maisha ya mwandishi kuwa jambo la nje ya kitabu. Katika Émile yamo ndani.

Tuutazame muundo wake. Kitabu cha kwanza kinatamka kwamba si umaskini wala kazi inayomwondolea baba wajibu wa kuwalea wanawe mwenyewe, na kwamba atakayeupuuza atalia kwa uchungu. Kurasa chache baadaye, Rousseau anamfanya Émile yatima. Hata wazazi wakiwapo, anaongeza, mlezi amebeba wajibu wao wote, kwa hiyo amerithi haki zao zote. Maandishi yanayomlaani baba asiyelea yamesimama juu ya mtoto asiye na baba! Msomaji asiyejua lolote kuhusu hospitali ile ataukuta mgongano huu; anayejua ataelewa kwa nini nadharia nzima haina mama jikoni, haina ndugu wa kugombana nao, haina nyumba. Huo ni upungufu wa nadharia, si umbea.

Itasemwa kwamba maelfu ya wakazi wa Paris walifanya vivyo hivyo, na kwamba Rousseau alijuta. Ni kweli, ila majuto yake hayanyooki. Mwaka 1751, katika barua kwa Madame de Francueil, alijitetea kwa umaskini, udhuru uleule alioukataa katika Émile. Voltaire alipomfichua mwaka 1764 kwa kijitabu kisicho na jina la mwandishi, Rousseau alikana kumtupa mtoto yeyote mlangoni pa hospitali yoyote. Kwa neno moja moja alisema kweli, maana watoto walipelekwa na mkunga. Kwangu kauli hii ni nzito kuliko tendo lenyewe, kwa sababu inatoka kwa mtu aliyewataka wasomaji wamwamini kwa unyofu wa moyo wake. Anayetoa uthibitisho tukague uthibitisho. Anayejitoa mwenyewe kuwa shahidi ameturuhusu kumkagua yeye.

Katika vyuo vyetu vya ualimu Rousseau hufundishwa kama baba wa elimu inayomlenga mtoto. Napendekeza barua ile ya 1751 isomwe darasa lilelile, siku ileile, na kitabu cha kwanza cha Émile.