Vita Vilivyochorwa kwa Asidi

Kabla ya kuwa chombo cha wachoraji, asidi ilikuwa ujuzi wa mafundi wa silaha. Mwishoni mwa karne ya 15, katika miji ya kusini mwa Ujerumani, wakubwa walitaka deraya zao zipambwe kwa maua, wanyama na alama za koo, na chuma kigumu hakikubali patasi kirahisi. Mafundi wakatafuta hila. Walikipaka chuma nta, wakachora juu ya nta kwa sindano mpaka chuma kikaonekana, kisha wakamimina maji makali yaliyokula pale tu palipokwanguliwa. Daniel Hopfer wa Augsburg, aliyekuwa fundi wa mapambo hayo, ni miongoni mwa watu wa kwanza waliojaza wino katika mifereji ile na kuuhamishia kwenye karatasi, miaka ya 1500 hivi. Ujuzi uliozaliwa kwa ajili ya kumpendezesha askari ukaja, baada ya karne moja na zaidi, kuwa njia ya kuonyesha anachokifanya askari huyo akiingia kijijini.

Sababu moja ya mageuzi hayo imo katika kazi yenyewe. Kuchonga bamba la shaba kwa patasi kunataka mkono wenye nguvu na miaka mingi ya kufundishwa. Kwa asidi, mchoraji anashika sindano kama anavyoshika kalamu. Nta ni laini, mkono unakwenda upendavyo, na kazi nzito ya kukata shaba inaachiwa asidi. Bamba likishalika na kusafishwa, hupakwa wino mzito, hupanguswa kwa kitambaa na kiganja hadi wino ubaki ndani ya mifereji tu, kisha hufunikwa kwa karatasi iliyoloweshwa na kupitishwa kati ya rola mbili zinazolikandamiza kwa nguvu. Karatasi inazama ndani ya mistari na kuunyanyua wino. Picha inatoka kinyume, kushoto kukiwa kulia, na mchapaji anaanza upya kwa nakala ya pili.

Sababu nyingine ni fedha. Picha kubwa ya rangi za mafuta ilihitaji mwenye kuiagiza, na aliyeagiza picha ya vita kwa kawaida alikuwa mfalme au jemadari aliyeshinda. Bamba dogo la shaba halikumngoja jemadari. Udhaifu wake ni kwamba ni dogo na ni moja: tukio moja mtu anaweza kulikana, akasema ni bahati mbaya, ni askari mmoja mhuni. Ndipo wachoraji wakaanza kupanga mabamba kwa seti, yenye namba na maneno chini yake, ili mtazamaji akifika picha ya kumi asiwe tena na udhuru. Kwangu mimi, mfululizo huo ni uvumbuzi mkubwa kuliko asidi yenyewe.

Jacques Callot alizaliwa mwaka 1592 huko Nancy, mji mkuu wa Lorraine, akajifunza kazi Italia na kuwatumikia akina Medici, watawala wa Florence. Huko aliacha nta laini iliyokuwa ikibanduka na kuharibu picha, akatumia vanishi ngumu ya mafundi wa ala za muziki. Pamoja na sindano alitumia kichuma chenye ncha iliyokatwa mshazari, kinachotoa mstari unaonenepa na kukonda kadiri mkono unavyokigeuza. Vanishi hiyo imara ilimwezesha kulirudisha bamba kwenye asidi mara kadhaa: milima ya mbali ikishalika kidogo anaifunika, watu wa mbele anawaacha walike zaidi. Umbali na ukaribu ukawa hesabu ya muda.

Mwaka 1633 majeshi ya Louis XIII wa Ufaransa yaliingia Lorraine na kuuteka Nancy. Mwaka huohuo ikatoka Paris seti ya Callot ya picha 18 juu ya maafa ya vita, kila moja nyembamba na ndefu, haizidi kiganja kwa kimo, na chini yake mistari sita ya shairi. Inaanza kwa kuandikisha askari na mapigano ya wazi. Kisha askari haohao wanavamia nyumba ya mkulima, wanapora nyumba ya watawa, wanachoma kijiji, wanateka gari la wasafiri. Wanakamatwa, na adhabu zinafuatana bamba kwa bamba: kamba, risasi, moto, gurudumu. Katika picha ya 11 mti mmoja mkubwa umebeba miili zaidi ya 20 inayoning’inia, padri yuko juu ya ngazi, na chini yake watu wanacheza dadu juu ya ngoma. Baadaye tunaona walemavu na wanaokufa kando ya njia, wakulima wanaolipiza kisasi, na mwishoni kabisa mfalme akigawa zawadi kwa askari waliotii.

Wapo wanaoisoma seti hii kama sifa kwa mtawala anayetia nidhamu jeshini, na kwa mpangilio wake inasomeka hivyo. Lakini itazame nyumba ya mkulima kwa kikuza-picha. Callot ameweka ndani ya chumba kimoja mtu aliyening’inizwa juu ya moto, wanawake wanaokimbizwa, mapipa yanayotobolewa, kila kitu kwa watu wasiozidi ukubwa wa kucha, na hakuna hata mmoja aliyechorwa kwa haraka. Mkono uliokuwa ukitaka tu kusifu nidhamu usingekaa humo kwa muda wote huo. Mwaka 1645, miaka kumi baada ya Callot kufariki, Abraham Bosse alichapisha kitabu cha kufundisha ufundi huu, na vanishi ngumu ya Callot ikajulikana Ulaya nzima.

Katika karne ya 18 mfululizo ukawa biashara. William Hogarth wa London alitoa mwaka 1732 picha sita za msichana wa shamba anayefika mjini na kuishia ukahaba na kifo, akizichanganya mbinu za asidi na patasi. Aliuza seti kwa gini moja kwa kuwaandikisha wanunuzi mapema, na zaidi ya watu elfu moja walijiandikisha. Waigaji wakamwibia. Akapigania sheria, na seti yake ya pili, picha nane za kijana mpotevu, akaizuia hadi sheria ilipoanza kutumika Juni 1735, ikimpa mchoraji haki ya bamba lake kwa miaka 14. Michoro ya rangi ya hadithi ya yule msichana iliteketea kwa moto mwaka 1755. Chapa zilikuwa zimekwisha kutawanyika majumbani, na ni kwa hizo tunaijua. Huko Roma, Giovanni Battista Piranesi alichora magereza ya kuwaza, mabamba 14 karibu na mwaka 1750, kisha mwaka 1761 akayarudia mabamba yaleyale, akaongeza mawili na kuyatia giza zaidi. Tangu hapo ikajulikana kwamba seti haiishi siku inapochapwa. Mwenye bamba anaweza kubadili mawazo.

Francisco Goya alikuwa mchoraji wa mfalme wa Hispania alipougua vibaya mwishoni mwa 1792, akapona akiwa kiziwi. Aliendelea kuchora familia ya kifalme, ila pembeni akaanza kazi nyingine. Februari 1799 gazeti la Madrid lilitangaza seti yake ya picha 80, kwa reales 320, katika duka la manukato na vileo la mtaa wa Desengaño. Ndani yake mna wachawi, punda katika mavazi ya madaktari, watawa walafi, mabinti wanaoozwa kwa tamaa ya mali. Baraza la Kanisa la kuhukumu wazushi lilikuwa bado lipo. Ziliuzwa seti 27, kisha zikaondolewa sokoni. Mwaka 1803 Goya alimkabidhi mfalme mabamba yote pamoja na seti 240 zilizobaki, na mwanawe Javier akapewa posho.

Nguvu ya seti ile ilitokana na mbinu iliyokuwa bado changa, akwatinta. Mistari peke yake haiwezi kutoa kivuli laini, inabidi irundikwe. Kwa akwatinta, mchoraji ananyunyizia bamba unga wa ulimbo mkavu wa msonobari na kulipasha moto hadi kila chembe iyeyuke na kushika shabani. Asidi inakula katikati ya chembe, na maelfu ya vishimo hivyo vikishika wino vinatoa kijivu, au weusi mzito bamba likikaa zaidi. Goya aliutumia weusi huo kama usiku usio na kuta. Watu wake wanasimama mahali pasipo na jina, na nyuma yao hakuna mlango wala dirisha.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1808 majeshi ya Napoleon yaliikalia Hispania, na baadhi ya mabamba ya Goya juu ya vita hivyo yana tarehe ya 1810. Shaba ilikuwa adimu hata akakata vipande mabamba yake ya zamani yenye mandhari ya mashambani, akachora upande wa nyuma. Callot alisimama mbali, kama mtu aliye juu ya paa, akaona uwanja mzima. Goya yuko hatua chache tu: watu wawili, watatu, mti mkavu, ardhi tupu. Hakuna bendera, hakuna jemadari, na mara nyingi haijulikani ni mapigano gani. Chini ya kila picha ameandika maneno machache yasiyotaka ubishi. Mahali pamoja anasema tu kwamba aliliona jambo hilo mwenyewe.

Angalia bamba la 2 na la 3, maana hapo ndipo mfululizo unapofanya kazi ambayo picha moja haiwezi. Katika la 2, askari wa Kifaransa wenye bunduki wanawakabili Wahispania waliobaki na visu na mikuki tu. Mhispania anayeitazama anajawa na hasira ya haki. Akifunua la 3, Mhispania ameinua shoka juu ya askari aliyeanguka, na maneno chini yanasema ni yaleyale. Goya hakumpa mtu wa nchi yake nafasi ya kupumua kati ya picha hizo mbili. Mbele zaidi seti inaingia kwenye njaa iliyoua watu Madrid mwaka 1811 na 1812, na inamalizia kwa wanyama na viumbe wa kutisha wanaoiwakilisha Hispania baada ya mfalme Ferdinand VII kurudi mwaka 1814, kufuta katiba na kulirejesha Baraza la kuhukumu wazushi.

Kwa mfalme wa namna hiyo, seti haikuweza kuuzwa. Goya alimpa rafiki yake Ceán Bermúdez nakala moja iliyojalidiwa, mwaka 1824 akahamia Bordeaux, na mwaka 1828 akafariki huko. Mabamba yalibaki Hispania. Chuo cha Sanaa cha San Fernando kiliyachapisha mwaka 1863, picha 80 kati ya 82, miaka 35 baada ya kifo cha mwenyewe. Wachapaji wa chuo waliacha utando wa wino juu ya bamba, ukafunika weupe ambao nakala za majaribio za Goya zinauonyesha wazi. Mwenye nafasi ya kuchagua atafute picha zilizopigwa kutoka kwenye nakala hizo za majaribio. Mwanga wake ni mkali zaidi, na kwa hiyo zinatisha zaidi.

Nchini Ujerumani, mchoraji Käthe Kollwitz alitazama mwaka 1893 mjini Berlin tamthilia ya Gerhart Hauptmann juu ya uasi wa wafumaji, akaanza seti ya picha sita iliyomchukua hadi 1897. Alikusudia zote ziwe za asidi, lakini asidi ilimshinda katika baadhi yake, na tatu akazichapa kwa jiwe. Seti ilipoonyeshwa mwaka 1898 ikapendekezwa apewe nishani, Kaiser Wilhelm II akakataa. Kollwitz hakurudi nyuma: seti yake ya vita vya wakulima, mabamba saba yaliyokamilika mwaka 1908, ni ya asidi yote, na ndani yake mama anatafuta maiti ya mwanawe usiku uwanjani, kwa taa. Miaka sita baadaye, Oktoba 1914, mwanawe Peter aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mchoraji mwenzake Otto Dix alikuwa upande wa pili wa jambo hilohilo, kwenye mahandaki, nyuma ya bunduki ya mtombo. Mwaka 1924, miaka kumi tangu vita kuanza, Karl Nierendorf alimchapishia mjini Berlin picha 50 katika mafolda matano ya kumi kumi, kwa nakala 70. Dix aliyajua mabamba ya Goya, ila alichokifanya na asidi ni chake. Aliiacha ile kupita kiasi. Ngozi ya maiti na udongo wa mashimo ya mizinga vimetoka vimetobokatoboka kwa sababu shaba yenyewe ilitobokatoboka. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 walimfukuza kazi ya ualimu Dresden.

Afrika nayo imeyachukua mabamba haya kwa njia zake. Nchini Nigeria, Bruce Onobrakpeya alibuni mbinu yake ya chapa zenye mwinuko kutokana na ajali ya asidi ya mwaka 1967. Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt mwaka 1972 iliwafungulia wasanii batiki na uchapaji, na George Lilanga, Mmakonde aliyetoka kwenye uchongaji, akayapeleka mashetani yake kwenye mabamba pia, viumbe haohao wenye masikio makubwa wakirudi picha kwa picha.

Urithi wa Callot na Goya, lakini, naona uliangukia Johannesburg. William Kentridge alishiriki mwaka 1987, pamoja na Robert Hodgins na Deborah Bell, katika kazi iliyomleta Hogarth kwenye jiji la ubaguzi wa rangi. Aprili 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza kusikiliza mashahidi wa maovu ya enzi hiyo ya ubaguzi, na Kentridge akaanza picha nane za asidi juu ya Ubu, mtawala mlafi na katili kutoka tamthilia ya Alfred Jarry iliyochezwa Paris mwaka 1896. Juu ya giza, mstari mweupe kama wa chaki unamchora Ubu mwenye kitambi na kichwa kilichochongoka. Ndani yake yumo mtu halisi, uchi, aliyechorwa kwa vivuli kutoka mwili wa Kentridge mwenyewe, Mzungu wa Afrika Kusini. Kila picha ina kichwa cha kitamthilia, sehemu na onyesho, ila namba zinaruka. Sehemu ya kwanza ina onyesho la pili tu. Ya tano ina la nne tu. Maonyesho mengine yote ya mchezo ule hayapo, na mbele ya Tume mashahidi walikuwa bado wanauliza yalikofichwa.