Muvi Kali Haitoshi: Nani Ana Funguo za Mlango?

Wasee, kuna uongo mmoja mtamu sana ambao sisi watu wa kontenti tunaambiana kila siku: wewe tengeneza kitu kizuri, watu watakuja wenyewe. Mimi sikubali. Na ushahidi wangu una zaidi ya miaka 100. Unatoka Marekani, enzi zile muvi hazikuwa na sauti, maneno yakiandikwa kwa kadi kwenye skrini na mtu wa piano akipiga muziki ndani ya ukumbi.

Watu wengi wakisikia "filamu bubu" wanawaza tu Charlie Chaplin akianguka na fimbo yake. Lakini hiyo ilikuwa biashara kubwa. Kati ya 1912 na 1929, Marekani ilitoa filamu ndefu bubu karibu 11,000. Sasa shika hapa, kwa sababu ndio msingi wa kila kitu nitakachosema: mteja wa kwanza wa hizo filamu hukuwa wewe mtazamaji. Alikuwa mwenye ukumbi wa sinema. Yeye akikataa, muvi yako haipo, hata kama ni kali vipi.

Kwa hivyo studio zilimtongoza huyo mwenye ukumbi kama mtu anayetaka kuoa. Kulikuwa na magazeti ya biashara, kama Moving Picture World lililoanza 1907, yenye matangazo kurasa kwa kurasa. Mengi hayakuhangaika sana na hadithi ya muvi. Yalimwambia mwenye ukumbi: hii italeta foleni, hii italeta pesa. Halafu kulikuwa na kijitabu maalum alichotumiwa pamoja na filamu. Ndani kulikuwa na posta za kuagiza za kila saizi, picha za kubandika mlangoni, na maujanja ya kuvuta watu barabarani, kama kumvisha jamaa nguo za mhusika azunguke mtaani. Kulikuwa pia na habari zilizoandikwa tayari, za kupeleka kwa gazeti la mtaa zichapishwe vile zilivyo. Yaani sifa za muvi ziliandikwa na muuzaji wa muvi. Ukidhani matangazo yaliyojificha kama maoni ya mtu yalianza na simu zetu, pole.

Lakini kutongoza kuna mwisho. Mtu mmoja, Adolph Zukor, bosi wa kampuni iliyokuja kuitwa Paramount, aliamua kwamba badala ya kubembeleza atalazimisha. Alikuwa na Mary Pickford, nyota aliyependwa kuliko karibu kila mtu wakati huo. Kila ukumbi ulimtaka. Zukor akasema sawa, lakini huuziwi muvi ya Pickford peke yake. Unachukua bando nzima, pamoja na muvi zingine kibao za kampuni, na nyingi utazilipia kabla hujaziona. Ni kama mwenye duka akuambie unga upo, ila lazima ubebe na sabuni ambayo hukuomba.

Wenye kumbi walikasirika. Mwaka 1917 kundi lao liliungana wakaanzisha First National ili wajinunulie filamu wenyewe, na wakamchukua Chaplin kwa mkataba wa dola milioni moja kwa filamu 8. Zukor naye hakulia. Kuanzia 1919 akaanza kununua kumbi zenyewe. Ukimzuia mtu mlangoni, ananunua mlango. Serikali ilimfungulia malalamiko mwaka 1921, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kupiga marufuku huo mtindo wa bando mwaka 1948. Filamu bubu zilikuwa zimezikwa zamani.

Sasa jiulize: katika mchezo kama huo, mtu Mweusi asiye na studio anaingilia wapi?

Kutana na Oscar Micheaux. Alizaliwa 1884 jimbo la Illinois, akafanya kazi ya kuhudumia abiria kwenye treni, kisha akaenda kulima South Dakota. Akaandika riwaya na kuziuza mwenyewe mlango kwa mlango. Mwaka 1918 kampuni moja ya Weusi, Lincoln, ilitaka kutengeneza filamu kutokana na kitabu chake The Homesteader. Micheaux alitaka kusimamia kazi mwenyewe, hawakuelewana, akaachana nao. Akarudi kwa watu aliokuwa akiwauzia vitabu, wakiwemo wakulima weupe wa pande za Sioux City, akawauzia hisa. Februari 1919 filamu ikaonyeshwa Chicago, na si kwenye sinema ya kawaida, bali kwenye ukumbi wa kikosi cha wanajeshi Weusi. Inatajwa sana kuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Mweusi.

Mbinu yake baadaye ilikuwa hivi: anapakia gari, anabeba picha za waigizaji wake, anazunguka mji hadi mji akiongea na wenye kumbi zilizohudumia Weusi. Anawashawishi walipe kiasi mapema kwa filamu ambayo bado haijapigwa. Hiyo pesa ndiyo inatengeneza filamu. Kule Kusini, baadhi ya kumbi za wazungu zilikubali kufungulia Weusi usiku wa manane tu. Hata hapo aliuza.

Filamu yake ya 1920, Within Our Gates, inaonyesha familia ya Weusi ikinyongwa na umati wa wazungu kwa kosa ambalo haikufanya. Miezi michache kabla, Julai 1919, ghasia za kibaguzi Chicago zilikuwa zimeua watu 38. Bodi ya kudhibiti filamu ya mji ikaikataa kwanza, wengine wakaogopa itawasha moto tena. Mwishowe ikapita baada ya kukatwa sehemu. Micheaux akajifunza kitu: hata marufuku inaweza kuwa tangazo. Ukiambia watu kuna kitu hawakutakiwa kuona, watakuja kukiona.

Najua hapa wengi mtasema, si umeona, hasla hulipa. Pole pole. Mwaka 1928 Micheaux alifilisika. Alisimama tena, akaendelea hadi zama za sauti, lakini alizunguka na nakala chache tu, nyingine zikachakaa, nyingine zikapotea. Kati ya filamu zake bubu zaidi ya 20, tunazo 3 tu. Within Our Gates ilipatikana Uhispania, ikiwa na jina la Kihispania. Nyingi ya zingine tunazijua kwa matangazo ya magazeti ya zamani. Fikiria hilo: karatasi ya kuuzia muvi imeishi kuliko muvi yenyewe.

Moja kati ya hizo 3 ni Body and Soul ya 1925, filamu ya kwanza ya Paul Robeson. Miaka 10 baadaye Robeson aliigiza Uingereza katika Sanders of the River, na kati ya Waafrika waliojaza matukio ya nyuma alikuwemo Jomo Kenyatta. Naam, Mzee mwenyewe. Filamu ilipotoka imekuwa sifa kwa ukoloni, Robeson akaikana. Alikuwa nyota, jina lake liko kwenye posta, lakini hakushika mkasi wala mlango.

Ndiyo maana ile hadithi ya "kipaji kitajiuza" inaniudhi. Inamwachia mtu mzigo wa kujilaumu wakati mlango una mwenyewe. Leo mwenye ukumbi ni programu inayoamua nani aonekane, na bando bado zipo, zimebadilisha nguo tu. Kama unatengeneza kitu, jua nani anashika funguo kabla hujauza shati kununua kamera. Tafuta watazamaji unaoweza kuwafikia moja kwa moja, hata kama ni 200, kwa sababu Micheaux aliinuliwa na watu waliomjua kwa jina. Soma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Na tafadhali, weka nakala za kazi yako mahali pako mwenyewe, si kwa akaunti ya mtu anayeweza kuifunga kesho asubuhi.