Matumizi Salama ya Keria ya Gari Mwambao wa Kilwa na Lindi

Keria ni fremu ya chuma au alumini inayofungwa juu ya paa la gari kwa ajili ya kubebea mizigo. Katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, na njia zinazochepuka Nangurukuru kuelekea Kilwa Masoko na Liwale, hubeba korosho, ufuta, mbao na mabegi ya wasafiri.

Magari mengi madogo huruhusiwa kubeba kilo 50 hadi 100 juu ya paa, uzito wa keria ukiwamo. Hivyo, gunia moja la korosho la kilo 80 laweza kuvuka kikomo. Kiwango halisi huandikwa katika kitabu cha maelekezo ya gari.

Mzigo wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona na lipinduke kwa urahisi. Kwa hiyo, vitu vizito viwekwe ndani. Vyepesi vipangwe juu kwa uwiano, vifunikwe turubai na kufungwa kwa kamba imara mbele, nyuma na ubavuni. Dereva akague kamba baada ya kilomita chache za mwanzo, na tena aachapo lami. Bolti nazo zikaguliwe, kwani chumvi ya pwani huzitia kutu.

Keria ni ya mizigo. Abiria asipandishwe juu yake.