Rangi ya Udongo Ukutani

Msomaji, ukiingia leo katika nyumba za Kaloleni au Jericho, upande wa mashariki wa Nairobi, huenda ukakuta ukuta mmoja wa sebule umepakwa rangi ya udongo uliochomwa, kama ya chungu au kigae. Mwenye nyumba atakuambia kwamba rangi hiyo hutia joto chumbani. Asema kweli, lakini rangi hiyo ina habari ndefu kuliko aionavyo.

Udongo huwa mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo ndani yake. Kutu hiyo ndiyo iupayo wekundu udongo wajipakao Wamaasai. Ndiyo ikifanyayo chungu kuwa chekundu kitokapo motoni, na ndiyo ichanganywayo na saruji ili sakafu ing'ae nyekundu.

Sasa itazame ardhi ya Nairobi. Magharibi, penye miinuko, udongo ni mwekundu na maji hupita upesi. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi, ambao wakati wa mvua huvimba na kunata, na wakati wa kiangazi hupasuka. Katika siku za ukoloni Wazungu walijitwalia magharibi, na Waafrika wakatengewa mashariki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulianzishwa mtaa wa Pumwani. Huko Mwafrika aliruhusiwa kujijengea nyumba ya miti na udongo, akazikandika kuta mwenyewe. Ijapokuwa kiwanja hakikuwa chake, ukuta ulikuwa wake, naye aliupamba apendavyo.

Katika mitaa iliyojengwa na manispaa, kuanzia Kariokor mwaka 1929, mambo yalikuwa mengine. Hata Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 wenye nyumba nzuri za mawe, ulikuwa wa wapangaji. Serikali ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa mjini, aliyekuja kufanya kazi kisha arudi kwao. Basi, mgeni apambe ukuta wa nani?

Tarehe 24 Aprili 1954 jibu lilitolewa kwa ukali. Katika msako ulioitwa Anvil, askari waliuzingira mji, wakawakamata maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wengi walipelekwa vizuizini. Aliyetoka asubuhi kwenda kazini huenda hakukiona tena chumba chake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wapangaji wengi walibaki wapangaji. Lakini hawakuwa wageni tena. Walizaa watoto humo, wakazika wazazi, wakafungua maduka. Anunuaye kopo la rangi na kupaka ukuta asema bila maneno: "Hapa ndipo kwetu."

Siku hizi baadhi ya mitaa ya zamani hubomolewa kupisha maghorofa. Kwa hiyo, msomaji, kabla nyundo haijafika, utazame ukuta wa kale mahali rangi ilipobanduka. Utaona tabaka juu ya tabaka: chokaa nyeupe, samawati, kijani, na pengine hiyo ya udongo. Kila tabaka ni mwaka ambao mtu fulani aliamini kwamba mwaka ujao bado atakuwapo. Muulize babu au bibi yako ni nani aliyeshika brashi. Historia ya taifa haikuandikwa vitabuni tu. Nyingine imepakwa ukutani, nayo yangoja msomaji.